Kikapu cha Mlango wa Nyuma

Kwenye baa yetu, Mganda wa Ngano, mlango wa nyuma una jiwe pana pembeni yake, na juu ya jiwe hilo watu wa Wistanbrook huacha vitu. Sungura wawili waliofungwa miguu kwa kamba. Ndoo ya plamu. Kabichi. Majani yakianza kupukutika, uyoga. Hakuna anayegonga. Mtu huweka alichonacho na kwenda zake, na jioni akija kaunta mume wangu Ivor humjazia glasi ya bia bila kuulizwa, nami huandika jina lake ubaoni pamoja na chakula: sungura wa fulani, plamu za fulani. Ndivyo alivyofanya mama mkwe wangu kabla yangu, na sikuwahi kuona sababu ya kubadili.

Jumamosi ile ya mwisho wa Septemba nilishuka jikoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Juu ya jiwe palikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake uyoga wa malishoni, mwingi wake mchanga bado, kofia zimefumba kama ngumi. Kwa miaka kumi na tisa mtu mmoja tu ndiye aliyetuletea uyoga. Huyo ni Des Hotchkiss, anayekata na kusuka nyua za miti kwenye mashamba ya watu. Des huleta kwenye ndoo ya plastiki. Nilipokiona kikapu nilijiambia mkewe hatimaye ameionea haya ile ndoo.

Des hukata kwa kisu na kuacha kitako ardhini. Asubuhi ile baadhi ya uyoga ulikuwa umeng'olewa mzima, na udongo ukiwa umeshika chini. Nilikata vitako vyenye udongo nikavitupa kwenye ndoo ya maganda, nikafuta kofia kwa kitambaa kibichi, nikakatakata nusu ya kikapu na nusu nikaiacha kwa ajili ya chakula cha mchana. Nayaeleza haya hatua kwa hatua kwa sababu baadaye niliulizwa mara nyingi, na kila nilipofika kwenye vile vitako nilisita. Mikono yangu iliuhisi ule udongo. Kichwa changu kilikuwa kinahesabu soseji.

Wageni waliolala juu usiku ule walikuwa wawili tu, Clive na Rosalind Tenniswood, watu wa Leicester. Clive alikuwa mkaguzi wa lifti, mwenye masharubu yaliyopunguzwa sawasawa. Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba anayeshukuru kwa kila kitu. Walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka baa hadi baa kwa siku tano, kama wageni wengi wanavyofanya huku kwenye vilima vyetu. Kila asubuhi wao hutangulia na vibegi vyao vya mgongoni, na mwenye baa huwapelekea masanduku kwa gari hadi watakapolala.

Saa mbili na nusu niliwawekea sahani: mayai, bekoni, soseji, nyanya, mkate wa kukaanga, na uyoga uliokaangwa kwa siagi.

"Mama, ukiniongezea kipande kimoja cha mkate huu, naghairi safari nahamia hapa," Clive akasema.

"Utalala wapi? Mkeo keshakunja shuka."

"Ndivyo alivyo. Hotelini anatandika kitanda asubuhi, anaogopa mtandikaji atamsema."

Rosalind alicheka huku akitazama sahani. Niliporudi kuzichukua, zote mbili zilikuwa tupu kabisa. "Uyoga ulikuwa mtamu sana, Bi Gough," akaniambia. "Mtamu mno."

Clive alikunjua ramani. "Kwenda Bettwyn, unatushauri tupite mgongoni mwa kilima au msituni?"

"Njia zote mbili nzuri," nikasema. Msituni kulikuwa na matope hadi magotini. Lakini mgeni humwambii hivyo, unamwachia achague.

Saa tatu na robo waliondoka. Ivor, ambaye asubuhi hali zaidi ya mkate na chai, alipakia masanduku yao kwenye gari letu akaenda nayo Bettwyn, na huko alikuwa na shughuli za kutwa. Nilibaki peke yangu. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: Leo mchana, uyoga wa Des Hotchkiss.

Saa nne kamili mlango wa nyuma ulisukumwa, akaingia Des mwenyewe na ndoo ya plastiki mkononi.

"Nimechelewa leo, bibie. Umande mwingi, na magoti yangu yanalia kama bawaba." Akaiweka ndoo mezani. Ilikuwa imejaa uyoga. Kisha akaangalia ubao. "Hee. Kumbe nina pacha na hamjaniambia?"

Nilitazama ndoo. Nikatazama kikapu.

"Thelma, huu wa kwenye kikapu nani kakuletea?" Des akaniuliza.

"Nilidhani ni wewe."

Des hakutania tena. Alivuta kikapu hadi dirishani, akautoa uyoga mmoja mmoja, akaugeuza, akautazama chini ya kofia, akaunusa. Alipofika mwisho akasema, "Huu uliobaki ni mzuri. Wote wa malishoni. Mabaki mengine yako wapi?"

"Vitako nimevitupa."

Tulimwaga ndoo ya maganda juu ya gazeti sakafuni. Des alipiga magoti, hayo magoti yake, akapekua kwa kidole kati ya maganda ya viazi na mayai. Vitako vingi vilikuwa vya kawaida. Kimoja hakikuwa hivyo. Kilikuwa kimevimba, kimevikwa kifuko cheupe kilichoraruka juu, kama yai laini lililopasuka. Alikiweka kwenye sahani ndogo akafuta vidole vyake kwenye suruali, mara moja, mara ya pili, kisha akaenda kuvinawa kwa sabuni.

"Nani kala?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Wageni. Wawili."

"Mmoja unatosha kuua, Thelma. Mtu anashinda kutwa nzima hana neno, anatembea, anacheka. Jioni anatapika. Kesho yake anapata nafuu, anasema afadhali. Halafu ini linakufa."

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa za watu wa mijini, na hata wageni wangu wangekuwa nayo, kwenye mabonde yetu isingeshika. Nilipiga hospitali ya wilaya kwa simu ya ukutani. Nilimpata daktari wa zamu, mwanamke, sauti yake changa.

"Umesema kuna kifuko chini ya shina?"

"Kipo mbele yangu."

"Wamekula saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Nilisikia kalamu ikiandika. "Walete sasa hivi. Usisubiri waumwe. Wakianza kuumwa tutakuwa tumeshapoteza nusu ya nafasi yetu. Lete na kila kilichobaki. Mtu mwingine yeyote amekula?"

Nilikuwa karibu kusema hapana. Ndipo nilipouona mkono wangu mwenyewe asubuhi ile, ukichota kikaangoni kwa uma, kama ninavyofanya siku zote kuonja chumvi. "Mimi. Vipande vitatu. Labda vinne."

"Basi na wewe uje."

Nilipoweka simu chini Des alikuwa ameshika kile kikapu anakigeuzageuza. "Nakijua," akasema. "Hiki kilikuwa kwenye mnada wa kanisa. Alikinunua yule wa Reading."

Yule wa Reading, mji aliotoka, ni Lionel Pargeter. Alikuwa amestaafu kazi ya maktaba akanunua nyumba mkabala na baa, na kwa miaka mitatu alikuwa akija kila jioni, akikaa mwisho wa kaunta na nusu glasi, akiondoka saa mbili. Watu hawakumchukia. Walimsalimia, wakampisha, wakaendelea na mazungumzo yao.

Gari lilikuwa Bettwyn na Ivor. Des alikuwa na pikipiki, na pikipiki haibebi wagonjwa. Pargeter alikuwa na gari.

"Mimi napanda mgongoni mwa kilima," Des akasema. "Nikiwakuta nawateremsha hadi barabara ya kanisa. Wewe pita msituni." Alifika mlangoni akageuka. "Thelma. Usimpigie kelele yule mzee. Akishikwa na hofu hataendesha."

Pargeter alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Jumamosi, saa nne na nusu, alikuwa amevaa tai.

"Bi Gough. Karibu. Je, ule... ulifaa?"

Alikuwa anatabasamu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani ambao anajua kafaulu.

"Bwana Pargeter, uliuchuma wapi?"

"Malishoni, nyuma ya kanisa. Alfajiri. Na kidogo pembeni, chini ya mialoni."

"Chini ya miti."

"Kofia moja tu. Niliulinganisha na kitabu, Bi Gough. Nina vitabu viwili."

Nilifunua sahani ndogo niliyoishika. Alivaa miwani akainama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona.

"Kitabuni kipo," akasema. "Kifuko. Kimeandikwa. Mimi niliangalia juu. Niliangalia rangi."

"Wageni wangu wameula na wako njiani kwenda Bettwyn kwa miguu. Nahitaji gari lako, na uliendeshe wewe, mimi sijui."

Alichukua funguo. Hakuchukua koti, wala hakufunga mlango nyuma yake.

Aliendesha kwa mikono miwili, ameegemea mbele, na kwa kasi ya mtu anayekwenda kanisani. Nilihesabu nguzo za simu. Baada ya nguzo ya kumi sikuweza tena.

"Kanyaga, Bwana Pargeter."

Alikanyaga. Gari lilipita kati ya nyua, matawi yakikwaruza kioo. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni bila kujua. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeshiba vizuri, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kwa nini hukugonga?" nikauliza. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza saa.

Alikata kona kwanza. "Hakuna anayegonga," akasema. "Nimekaa pale dirishani kwangu miaka mitatu. Nimeona wote wanaoweka vitu. Sijaona hata mmoja akigonga. Nilidhani ningegonga ingeonekana... kwamba sijui mambo ya hapa."

Kama angegonga, ningemwuliza uyoga huu ni wa wapi, kwa kuwa ni mgeni. Hakugonga, basi nikauchukua kama wa mwenyeji.

"Watakuwa wamepita msituni?" akauliza.

"Sijui. Niliwaambia njia zote mbili nzuri."

"Kama wamepita msituni hawakuvuka kijito," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisimama imara. "Daraja lilichukuliwa na maji Jumatano. Mimi ni wa kamati ya njia za miguu. Alhamisi nilibandika kibao pale: pita juu, kwenye banda la kondoo. Kutoka daraja hadi banda ni mwendo wa saa nzima kwa anayetembea, ni kupanda tupu. Sisi tunaweza kufika karibu kwa gari kupitia shamba la Prosser, kama lango liko wazi."

"Na kama hawakupita msituni?"

"Basi tunamtegemea Des."

Tulisimama kwanza penye kijito, maana ilibidi tujue. Daraja halikuwepo, yamebaki magogo mawili yenye misumari. Nilishuka nikaangalia matope kama mwindaji. Palikuwa na alama za viatu vikubwa na vidogo. Zilifika hadi maji, zikazungukazunguka mahali pamoja, pengine walisimama kubishana juu ya ramani, kisha zikageukia kushoto na kupanda.

"Ni wao?" Pargeter akauliza kutoka garini.

"Ni watu wawili."

Lango la Prosser lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Tuliacha gari tukapanda ukuta wa mawe, mwanamke wa miaka hamsini na nane na mzee wa miaka sitini na sita aliyevaa tai, tukaanza kupandisha kilima kwenye nyasi zenye maji. Alianguka mara mbili. Mara ya pili hakuinuka upesi, nikarudi nikamvuta kwa mkono. Uso wake ulikuwa umelowa, na sikumwangalia kuona kama ni ukungu au vipi.

Saa sita na dakika ishirini tuliliona banda, na mbele yake watu wawili wameketi juu ya jiwe wanakula mikate niliyowafungia mwenyewe.

Clive alitupungia mkono. "Tumesahau kulipa?"

Nilifika nimeishiwa pumzi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yamekwenda. "Bwana Tenniswood, uyoga wa asubuhi. Mmoja ulikuwa na sumu. Gari liko chini. Tunakwenda hospitali."

Alitafuna alichokuwa nacho mdomoni akameza. "Sumu gani? Mimi mzima."

"Haianzi kuuma mpaka jioni."

"Mama, sikiliza." Alisema kwa upole, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wenye majengo kwamba hakuna hatari. "Tumetembea maili saba. Tumepanda kilima hiki. Mtu mwenye sumu tumboni hawezi. Umepata hofu, naelewa, una leseni ya kulinda. Ukitaka nitakuandikia barua kwamba hatukudhurika."

"Hata mimi nimekula," nikasema. "Hata mimi mzima. Nimepanda kilima hiki hiki, na nimekuzidi umri. Ndivyo uyoga huo ulivyo."

"Tuna chumba Bettwyn. Tukijisikia vibaya tutapiga simu kutoka huko."

"Ukijisikia vibaya itakuwa umechelewa. Daktari kaniambia."

"Daktari hakuniona mimi."

Alianza kukunja karatasi ya mikate, pembe kwa pembe. Niliona kwamba kila neno nililoongeza lilikuwa linamfanya awe mkaidi zaidi. Ndipo Pargeter, aliyekuwa nyuma yangu bado anahema, akapita mbele.

"Mimi ndiye niliyeuchuma," akasema. "Si yeye. Niliung'oa chini ya mwaloni, nikauweka mlangoni kwake bila kumwambia. Bwana, mimi nilikuwa na uhakika kama wewe ulivyo sasa. Nilikuwa na vitabu viwili."

Clive alimtazama tai na magoti ya suruali yaliyojaa matope. Aliacha kukunja karatasi.

Rosalind alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa jaketi lake tangu niliposema neno uyoga, na sasa akautoa. Mkononi mwake palikuwa na tishu ya mezani ya baa yetu, imekunjwa kifurushi, imeloa siagi.

"Clive," akasema. "Mimi sikula."

"Hukula nini?"

"Uyoga. Siupendi. Sikutaka kumvunja moyo Bi Gough, nikaufunga hapa nije niutupe njiani. Halafu nikasahau." Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Hata pale, juu ya kilima kile, alinigeukia mimi kwanza. "Samahani sana."

Clive alitazama kile kifurushi. Nilimwona akihesabu: mkewe hakula, yeye alimaliza sahani yake.

"Ulikula ngapi, mama?" akaniuliza.

"Vipande vitatu, vinne."

"Mimi nimekula sahani nzima."

"Ndiyo."

Alisimama. Alichukua kibegi chake akakifunga kamba zote, ya juu na za pembeni, taratibu. "Gari liko wapi?" akasema.

Tulipofika nusu ya mteremko tulisikia pikipiki ya Des mbali, juu ya mgongo wa kilima, ikienda na kurudi, ikitafuta. Sikuwa na njia ya kumwambia. Aliendelea hivyo hadi saa tisa.

Saa nane kasorobo tulikuwa hospitali. Walitunywesha mkaa wa unga uliokorogwa kwa maji, mweusi kama lami, wakatutundikia dripu, wakachukua damu. Walichukua kile kitako, na tishu ya Rosalind, na nusu ya kikapu iliyobaki. Mtaalamu wa mimea wa chuo kimoja alikuja na hadubini yake, na kabla ya saa kumi na moja alisema Des hakukosea.

Kisha hapakuwa na la kufanya. Walituweka chumba kimoja, mimi na Clive, pazia katikati, Rosalind kwenye kiti. Ivor alikuja, akanishika mguu juu ya shuka kwa sababu mikono yangu ilikuwa na sindano. Nilijua kila mtu mle ndani alikuwa anatazama saa.

Saa moja jioni tumbo langu lilianza. Sitaeleza. Nilipopata nafasi ya kusikiliza, nilisikiliza upande wa pili wa pazia, na kulikuwa kimya, na nikaomba kwa moyo wote kwamba ile kofia moja iwe imeangukia vipande vyangu. Saa mbili na nusu nilimsikia Clive akisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kazini, "Rosalind, niitie muuguzi."

Jumapili tuliumwa. Jumatatu tulipata nafuu, na hakuna aliyetupongeza. Muuguzi aliniambia wazi kwamba siku ya nafuu ndiyo siku mbaya. Vipimo vya damu yangu vilikuwa vinarudi sawa. Vya Clive vilikuwa vinazidi kuharibika. Jumatatu jioni weupe wa macho yake uligeuka manjano. Walisogeza pazia, wakaleta mashine nyingine, na daktari mkubwa akasimama mlangoni akiongea na Rosalind kuhusu hospitali ya Birmingham ambako hubadilisha ini. Helikopta ilikuwa imeombwa. Kama namba ya ini kwenye damu ya asubuhi itapanda tena, Clive ataondoka.

Usiku ule Clive hakulala, wala mimi.

"Mama Gough."

"Naam."

"Miaka ishirini na sita nimempikia yule mwanamke uyoga kila Jumapili. Kwenye mayai. Ananiambia mtamu mno."

Sikujua kama anacheka. "Anaweka wapi?"

"Ndicho ninachojiuliza. Tuna mbwa mnene sana."

Alivuta shuka hadi kidevuni. "Angekuwa mtu wa kusema ukweli mezani, angeonja kwanza ndipo aseme ni mbaya. Angekuwa hapa na sisi." Baadaye kidogo: "Yule mzee wa tai yuko wapi?"

Nilikuwa najua, kwa sababu Ivor aliniambia. Pargeter hakurudi kijijini. Jumamosi hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa ofisa wa afya akaandikisha jina lake, kisha akarudi hospitali akakaa kwenye benchi la ukumbini. Mchana alikaa hapo, usiku alilala garini. Des alimletea koti lake na kofia, akamwambia mlango wa nyumba ameufunga. Pargeter hakuomba kuingia chumbani. Kila muuguzi alipopita aliinuka, na alipopitiliza akaketi.

"Yuko nje," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Clive aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Ofisa wa afya alikuja kwangu pia, kijana mwenye faili. Aliniuliza kwa nini niliupokea uyoga bila kujua umetoka kwa nani. Nilimwambia kuna jiwe mlangoni, na kwamba sikuuliza. Aliandika, akangoja niendelee. Nikamwambia hakuna zaidi. Jiko langu lilifungwa wiki sita, na sikulalamika.

Jumanne saa mbili asubuhi daktari mkubwa alikuja na karatasi. Rosalind alisimama akashika chuma cha kitanda. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na nilimshukuru kwa hilo.

"Imeshuka," akasema. "Si sana. Lakini jana ilikuwa inapanda na leo imeshuka, imepimwa mara mbili. Helikopta nimeirudisha. Ini lako lina kazi kubwa, Bwana Tenniswood, na utakuwa dhaifu kwa miezi. Lakini ni lako, unabaki nalo."

Rosalind alikaa chini polepole, akaweka paji la uso kwenye shuka karibu na mkono wa mumewe. Clive alimtazama nywele. Macho yake bado yalikuwa manjano kama ya ndege.

Daktari alipotoka, mlango ulibaki wazi nusu, na kupitia hapo tulimwona Pargeter amesimama, kofia mkononi, akimtazama daktari akienda bila kuthubutu kumwuliza kitu.

"Sina neno la kumwambia," Clive akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimetafuta usiku kucha, sina. Sijamsamehe, na sina nguvu za kumkasirikia." Alivuta pumzi. "Lakini hajui. Anadhani nakufa. Rosalind, mwite."

Rosalind alikwenda mlangoni akasema kitu taratibu. Pargeter aliingia hatua tatu, akasimama. Hakujua aweke wapi ile kofia. Mwishowe aliiweka chini sakafuni, akanyoosha mgongo, akangoja.

"Imeshuka," Clive akamwambia.